Namna Tulivyoua Batri ya Kibao cha Baba

Leo tunataka kuwaeleza kosa letu. Si kosa la jirani, wala si kosa la mtoto. Ni letu wenyewe. Tunaliandika kwa sababu tumeona watu wengi wanalifanya bila kujua, kisha wanapoteza fedha. Sisi tulipoteza kitu kilicho kikubwa kuliko fedha: tulimnyima baba yetu kusoma kwa muda wa miezi saba.

Baba yetu ni mwalimu wa zamani. Alifundisha shule ya msingi miaka 40, na hata alipokwisha kustaafu hakuacha vitabu. Asubuhi alisoma, jioni alisoma. Marehemu mama alizoea kumwita mara tatu kabla hajasikia kwamba ugali uko mezani. Lakini uzee ni uzee. Macho yake yalianza kupungua nguvu. Tulimpatia miwani, tukambadilishia miwani, mwisho miwani nayo ikashindwa na herufi ndogo. Akabaki na kitabu magotini, kimefunguliwa, wala hakisomi. Ukimwuliza alisema, "Ninapumzisha macho." Tulijua kwamba si kweli.

Mwaka wa 2018 mdogo wetu anayefanya kazi Lubumbashi alimletea kitu ambacho hatujapata kukiona. Kilikuwa kibao chembamba, mfano wa vile vibao vya jiwe ambavyo watoto wa darasa la kwanza waliandikia zamani. Ndani yake vinaingia vitabu mia na zaidi. Tena herufi zake zinaweza kukuzwa kadiri mtu anavyotaka. Baba alizikuza mpaka mstari mmoja ukabeba maneno matano tu. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Akasoma wa pili. Kisha akanyamaza kidogo, akafuta macho, akasema, "Haya, niacheni." Usiku ule hakulala mpaka saa sita.

Tangu siku ile wajukuu walimzunguka kila jioni barazani. Yeye alisoma, wao walisikiliza. Viko vibao vya namna nyingi, na kila kampuni ina jina lake. Sisi nyumbani tulisema "kibao cha Babu", na hapa tutasema kibao tu.

Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Waya wa umeme haujafika kwetu. Mwenye kutaka umeme anaweka pano ya jua juu ya bati, au anapeleka simu yake sokoni kwa mtu mwenye jenereta, analipa kidogo, anarudi jioni kuichukua. Sisi tulikuwa na pano ndogo na batri ya motokari. Kwa hiyo tulidhani kwamba habari za batri tunazijua. Hapo ndipo kosa lilipoanza.

MAKOSA YETU MANNE

Kosa la kwanza. Wenye redio za zamani walituambia kwamba batri lazima iishe kabisa kabla ya kutiwa umeme tena, ama sivyo itazoea kushiba nusu. Basi tulimkataza baba kutia umeme mpaka kibao kizimike chenyewe.

Kosa la pili. Kikiisha kuzimika tulikifunga kwenye waya usiku kucha, na mara nyingine mchana wa pili pia, "ili kishibe vizuri".

Kosa la tatu. Waya wetu ulikuwa mfupi. Kwa hiyo kibao kilikaa dirishani, karibu na bati, mahali ambapo jua linapiga tangu saa nne mpaka saa tisa. Kilikuwa ndani ya kifuniko chake cheusi. Ukikigusa kiliunguza mkono, nasi tukasema, "Umeme unaingia."

Kosa la nne lilipita yote. Mwaka wa 2019 baba aliugua. Tulimpeleka hospitali mjini, na alipopona kidogo akakaa kwa dada yetu. Yote pamoja miezi minne. Siku ya safari kibao kilikuwa kimezimika. Kwa haraka tulikitia sandukuni vile vile kilivyo, tukafunga. Baba aliulizia kibao chake mara nyingi. Tulimjibu, "Kiko salama, Baba, kiko ndani ya sanduku." Tuliamini kwamba kitu kisichotumiwa hakiharibiki.

Aliporudi nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alisema, "Leteni kibao." Tulikitoa, tukakifunga kwenye waya. Taa yake ndogo haikuwaka. Tukangoja mpaka jioni. Haikuwaka. Asubuhi ya pili, vile vile. Baba hakutukemea hata neno moja. Aliingia chumbani, akalala mchana, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Tukapanda boti mpaka Kalemie, kwa fundi wa simu. Ni kijana, lakini anaijua kazi yake. Alikifungua kibao, akakitia umeme mdogo mdogo kwa mashini yake, na baada ya saa nyingi kikaamka. Tulifurahi kama watu waliofufuliwa ndugu. Lakini furaha ile haikudumu. Zamani kibao kilikaa siku kumi baada ya kutiwa umeme. Sasa kilikaa siku mbili tu. Na baada ya mwezi tuliona mgongo wake unainuka, kama vile kuna kitu ndani kinachousukuma.

Tulirudi kwa fundi. Alipokifungua safari hii alitusogeza nyuma kwa mkono. Batri ambayo ilikuwa nyembamba kama bahasha ilikuwa imevimba kama andazi. "Mwalimu," alituambia, "mshukuru Mungu hamkuendelea kuitia umeme. Hewa iliyo ndani inaweza kuwaka moto. Batri ya namna hii haitobolewi, haikandamizwi, haitupwi motoni." Aliitoa polepole, akaiweka katika kopo lenye mchanga, nje ya nyumba, mbali na watoto.

Tukauliza, "Basi, utatuwekea nyingine?" Batri ya kipimo kile haikuwako mjini. Akaagiza mbali. Ilikawia, na ilipofika haikuingia. Mdogo wetu alilazimika kuweka fedha kidogo kidogo mpaka apate kununua kibao kingine. Tangu siku baba aliporudi nyumbani mpaka siku kibao cha pili kilipofika, ilikuwa miezi saba, ukitoa ule mwezi mmoja wa mgonjwa aliyeamka.

Katika miezi ile baba aliketi barazani kila jioni, mikono magotini. Boti ikisikika ziwani alituuliza, "Kibao kimekuja?" Na mjukuu wake mdogo alimwuliza yeye, "Babu, yule mvuvi alifika pwani?" Maana waliachia hadithi katika sura ya tisa, wakati mvuvi alipokuwa ndani ya dhoruba. Baba alijibu, "Sijui, mjukuu wangu. Tutaona."

MAMBO TULIYOFUNDISHWA NA FUNDI

Seminarini tulijifunza Kilatini na filosofia, lakini hakuna aliyetufungulia batri tuone ndani. Fundi yule ndiye aliyetufundisha, na baadaye tulitafuta na kusoma zaidi. Tutaeleza kwa maneno mepesi.

Batri ya motokari ni ya risasi na asidi. Batri ya kibao, kama ile ya simu, ni ya lithiamu. Ni mambo mawili mbalimbali, kama ng'ombe na mbuzi: wote wanakula majani, lakini hawachungwi namna moja. Batri ya risasi inapenda kujaa daima. Ukiiacha nusu muda mrefu inaharibika. Batri ya lithiamu ni kinyume: inastarehe ikiwa katikati, haipendi kujaa mno, haipendi kuisha mno, na adui yake mkubwa ni joto. Nasi tuliitunza kama batri ya motokari na redio za zamani!

Ile habari ya batri "kuzoea" ilikuwa na ukweli wake kwa batri za nikeli na kadmiamu za miaka iliyopita. Kwa lithiamu si kweli. Shauri lililokuwa jema kwa babu limekuwa sumu kwa mjukuu.

Namna gani batri hii inafanya kazi? Fikirini pwani mbili za ziwa na mitumbwi inayovuka kati yake. Ukitia umeme, unaisukuma mitumbwi ya lithiamu ivuke mpaka pwani moja. Ukisoma kitabu, inarudi yenyewe pwani ya pili, na kurudi kwake kunakupa nguvu. Ukijaza mpaka mwisho kabisa, pwani moja inasongamana, na msongamano ule unachakaza vitu vya ndani. Ukimaliza mpaka mwisho na kuacha hivyo, shaba iliyo ndani ya batri inaanza kuyeyuka, na haitarudi tena mahali pake sawasawa. Na joto linaharakisha uharibifu wote.

Batri hii kwa kawaida ina volti 3.7 hivi. Ikijaa kabisa inafika 4.2. Ikishuka chini ya 3 na kukaa huko, iko hatarini. Kibao kinapozimika chenyewe, akiba ndogo imebaki ndani ili kuilinda batri. Lakini akiba ile inavuja polepole, siku kwa siku. Sisi tuliifungia sandukuni miezi minne. Akiba ikaisha, na batri ikafa njaa katika giza. Kumbe kitu kisichotumiwa kinaweza kuharibika!

Batri hizi zilianza kuuzwa mwaka wa 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Wataalamu watatu waliofungua njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Ni mwaka ule ule ambao sisi tuliiua ya kwetu.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi Wakongo. Mwaka wa 1980 Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti inafaa sana kwa pwani moja ya batri hii, na mpaka leo batri nyingi za vyombo vidogo zina kobalti ndani. Na kobalti hiyo yatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani yatoka nchini mwetu, hasa pande za Kolwezi na Fungurume. Wengine wanaichimba kwa mashini kubwa, wengine kwa mikono na kwa hatari ya kufukiwa. Basi anayeiua batri kabla ya wakati wake anatupa jasho la ndugu zake. Tulipolifikiri neno hili tuliona haya.

MASWALI NA MAJIBU

Tangu tulipoanza kuwasimulia watu habari hizi, wanatuuliza maswali. Haya ndiyo majibu yetu.

Nitie umeme wakati gani? Kibao kinaonyesha kwa mia ni kiasi gani kimebaki. Kikifika 30 au 20 kwa mia, kitie umeme. Kikifika 80 au 90, kitoe. Usingoje kizimike. Ukiwa na safari ya siku nyingi, jaza mpaka 100, haidhuru. Lakini uanze kukitumia mara, kisikae hivyo juma zima.

Je, nikitia umeme mara kwa mara kidogo kidogo, sitaimaliza batri upesi? Hapana. Batri inahesabu mizunguko mizima. Ukijaza nusu leo na nusu juma lijalo, ni mzunguko mmoja tu. Batri nyingi zinaweza kwenda mizunguko 300 mpaka 500 kabla ya kupungua sana. Sasa hesabuni pamoja nasi. Baba alitia umeme kila siku kumi, ndiyo mara 36 kwa mwaka. Hata mizunguko 300 ingempeleka zaidi ya miaka minane. Basi si kusoma kulikoiua batri yake. Iliuawa na joto, na kujazwa mno, na kuachwa bila kitu. Ndiyo maana utunzaji una maana kubwa kwa kibao kuliko hata kwa simu: simu inachoshwa na kazi, lakini kibao mara nyingi kinauawa na uzembe.

Je, ni vibaya kukiacha kwenye waya usiku kucha? Kibao kina mlinzi ndani, ambaye anafunga mlango batri ikijaa. Kwa hiyo hakitapasuka kwa usiku mmoja. Lakini kitakaa kimejaa mpaka asubuhi, na kama chumba kina joto kinazeeka upesi. Kwa kawaida saa mbili mpaka nne zinatosha. Tia umeme wakati wa kula na wa kuongea, ukitoe kabla ya kulala.

Nitumie chaja gani? Chaja ya kawaida ya simu, ya volti 5, iliyo nzima, inafaa. Kibao kinachukua kadiri kinavyohitaji tu, na hitaji lake ni dogo: batri za vibao vingi hazifiki nusu ya batri ya simu kubwa ya siku hizi. Jihadhari na chaja za bei rahisi sana zinazopata moto na kutoa harufu. Unachookoa dukani utakilipa kwa fundi.

Na sisi wenye pano za jua? Msifunge kibao juu ya nyaya za pano. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti 18 na zaidi jua likiwa kali, na wingu likipita inashuka mara moja. Lazima pawe na kile kisanduku kinachotuliza umeme, chenye tundu la waya wa simu. Lililo bora kuliko yote ni hili: mchana jua liijaze batri kubwa ya nyumba, jioni, hewa ikipoa, batri ya nyumba ijaze kibao. Hivyo kibao hakiketi juani hata dakika moja. Na kwa mtu wa jenereta pia, mwombe akiweke kivulini, mbali na mashini inayotetemeka na kutoa joto.

Joto gani ni baya? Likizidi digrii 35 anza kuwa na wasiwasi. Lakini huna haja ya kipimo. Kama huwezi kushika kibao shavuni bila kukiondoa, kina joto mno. Kiache kipoe kwanza kivulini, ndipo ukitie umeme. Vua kifuniko chake wakati wa kutia umeme. Usikiache ndani ya motokari iliyofungwa, wala karibu na jiko, wala chini ya bati wakati wa adhuhuri.

Mbona kibao changu kinaisha upesi, na dukani walisema kitakaa majuma sita? Ulizeni walivyohesabu. Mara nyingi hesabu ya wauzaji ni ya mtu anayesoma nusu saa kwa siku. Baba anasoma saa tatu kwa siku, ndiyo mara sita. Basi majuma sita yanakuwa juma moja. Kibao si kibovu. Msomaji ndiye hodari!

Lakini ziko njia za kukipunguzia kazi. Yafaa kujua kwamba kioo cha kibao si kama kioo cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na katika kila kifuko chembe nyeupe na nyeusi. Umeme unazipanga chembe kuwa herufi, kisha zinakaa zenyewe bila kula umeme. Kibao kinakula hasa unapogeuza ukurasa. Hata ukurasa mmoja ukikaa mbele yako saa nzima, maandiko yenyewe hayali kitu. Wanaokula ni wengine watatu.

Wa kwanza ni taa yake. Mchana izime; usiku iwake kidogo tu, kadiri ya macho yako. Wa pili ni mawimbi ya intaneti. Mahali pasipo mtandao kibao kinaendelea kuutafuta, kama mtu anayeita mwenzake aliyekwisha kuondoka. Yafunge, uyafungue tu siku ya kupokea vitabu. Wa tatu ni vitabu vingi vinavyoingizwa kwa mara moja. Mdogo wetu alipotia vitabu 200 kwa siku moja, kibao kilipata joto na batri ikashuka siku mbili mfululizo, hata baba alipokuwa hakisomi. Kilikuwa kinaorodhesha maneno ya vitabu vyote, ili mtu akitafuta neno alipate. Tieni vichache vichache.

Nikisafiri miezi mingi nikakiacha? Hapa sikilizeni sana. Kitie umeme mpaka nusu, tuseme 50 au 60 kwa mia. Usikifunike tu, kizime kabisa. Kiweke mahali pakavu penye ubaridi, si dirishani. Mwambie mtu wa nyumbani akitazame kila miezi miwili, na kikiwa kimeshuka akirudishe nusu. Ni kazi ya saa moja. Sisi tuliikosa saa ile moja.

Nikiona mgongo wake umeinuka? Acha mara moja kukitia umeme. Usikandamize ili kirudi mahali pake. Mpelekee fundi. Na wakati wa mvua, kama tundu la waya limeingia maji, ngoja likauke kabisa kwanza.

NAMNA TUNAVYOFANYA SASA

Kibao cha pili kilifika mwaka wa 2020 kwa boti, kimefungwa ndani ya nguo. Jioni ile tulifanya baraza la nyumbani. Tulinunua waya mrefu, tukahamisha mahali pa kutia umeme kutoka dirishani mpaka kwenye meza ya chumba cha ndani, penye sakafu ya ubaridi. Juu ya mlango mama watoto aliandika kwa chaki namba mbili: 30 na 80. Binti yetu mkubwa, wakati ule alikuwa na miaka kumi, alipewa kazi ya kutazama. Kila jioni alipita kwa Babu, akasoma namba, akasema, "Babu, bado," au, "Babu, leo zamu yake." Aliifanya kazi ile kuliko watu wazima.

Ni lazima tuseme tena neno moja, ili mtu asije akaelewa vibaya. Siku moja baba alikuwa katikati ya sura tamu, kibao kikafika 28. Binti akataka kukichukua. Baba alimwambia, "Ngoja, mjukuu wangu. Kibao ni cha kusoma, si yai la kuatamia." Naye alisema kweli. Namba hizi si amri ya kufa na kupona. Kama umeme unapatikana mara moja kwa juma tu, jaza mpaka mwisho bila hofu. Kama kitabu ni kizuri, shuka mpaka 10. Batri haiharibiki kwa siku moja. Inaharibika kwa desturi. Na hata ile inayotunzwa vema itazeeka, maana miaka nayo inaila. Sisi tunaomba tu isife kabla ya wakati wake kwa mikono yetu.

Kibao hicho kina miaka zaidi ya minne sasa. Zamani kilikaa siku kumi, leo kinakaa nane au tisa. Fundi alipokiona mwaka uliopita alitikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Mwalimu, safari hii mmejifunza."

Tumalize kwa habari ya mvuvi. Siku kibao cha pili kilipofika, baba hakuuliza vitabu vipya. Alisema, "Nitafutieni kile cha zamani, sura ya tisa." Mdogo wetu alikuwa amekirudisha ndani. Wajukuu wakaketi. Yule mdogo, katika miezi ile saba, alikuwa amekwisha kujitungia mwisho wake mwenyewe: mvuvi amefika pwani, amekula ndakala na ugali, amelala. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu. Kisha akakuza herufi, akaanza kusoma pale pale walipoachia.

Usiku ule hakuna aliyemwita mezani. Tulimngoja.